Unga wa ute wa yai, wei au trei ya mayai: kipi kijaze pengo lako la protini?

Anayenyanyua vyuma mara tatu au nne kwa wiki hufika mahali akakwama: aendelee na mayai ya kuchemsha, anunue kopo la wei (unga wa protini ya maziwa) kama wenzake wa jimu, au ajaribu huu unga wa ute wa yai ambao muuzaji anausifia kuwa hauna mafuta wala maziwa? Vyote vitatu ni chakula. Hakuna kilicho dawa ya misuli, na asiyefanya mazoezi atabaki na misuli ile ile hata akimaliza makopo kumi. Vinatofautiana kwa bei, kwa namna vinavyokaa tumboni, kwa kazi ya jikoni na kwa vitu vinavyoambatana na hiyo protini.

Pima pengo kabla ya kwenda dukani

Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba kwa watu wa mazoezi ya vyuma, faida ya kuongeza protini hufifia ikishavuka takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70, basi, analenga gramu 112.

Sasa hesabu unachokula tayari. Chai ya maziwa na chapati mbili asubuhi ni gramu 12 hivi. Wali na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva mchana, gramu 23. Ugali wa kushiba na kipande cha samaki cha gramu 120 usiku, gramu 37 au karibu na hapo. Jumla 72. Pengo ni gramu 40, na hilo ndilo la kujaza. Hesabu ya gramu 112 zote ni ya muuzaji anayetaka ununue makopo mawili.

Wapo wasio na pengo kabisa. Anayekula dagaa wakavu gramu 50 kwa siku anapata gramu 25 au zaidi kwenye bakuli hilo moja, na akiongeza glasi mbili za maziwa kazi imekwisha. Huyo aache kopo dukani.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila chaguo tutalipitisha kwenye maswali yale yale matano. Lina protini kiasi gani, na ya ubora gani? Linaulaje mfuko? Tumbo na afya yako vinalipokeaje? Jikoni lina kazi gani? Na kwa kawaida huharibikia wapi?

Neno moja kuhusu ubora, maana litarudi mara kwa mara. Protini hujengwa kwa asidi amino, na kati ya hizo leusini ndiyo inayowasha kazi ya kujenga misuli. Kwa hiyo gramu 25 za protini kutoka vyanzo viwili tofauti zinaweza kulingana kwa uzito zisilingane kwa leusini.

Kuhusu kiasi cha mara moja, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2009, ambao unatuhusu moja kwa moja kwa sababu ulitumia protini ya yai. Vijana sita walipewa gramu 0, 5, 10, 20 na 40 kwa nyakati tofauti baada ya mazoezi ya miguu. Ujenzi wa misuli ulipanda hadi gramu 20. Kwenye gramu 40 haukuongezeka kwa maana, ila mwili uliunguza zaidi ile asidi amino iliyozidi. Ndiyo maana pengo la gramu 40 ni afadhali uligawe mara mbili kuliko kulibugia lote kwa mkupuo mmoja.

Chaguo la kwanza: unga wa ute wa yai

*Protini.* Ute mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88. Kiwandani hutenganishwa na kiini, huondolewa ile sukari kidogo iliyomo (isipoondolewa, unga hubadilika kahawia na kunuka ukikaa), kisha hunyunyizwa kwenye hewa ya moto ukakauka. Baada ya hapo unga huwekwa kwenye chumba cha joto ili kuua vijidudu vya salmonela. Sheria za Marekani zinataka nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa siku zisizopungua saba. Kinachobaki ni unga mweupe, wa rangi ya maziwa kidogo, wenye protini karibu asilimia 80. Gramu 30 zinakupa gramu 24 za protini kwa kalori 115 hivi, bila mafuta ya kuhesabika. Ni sawa na ute wa mayai saba.

Leusini yake ni nzuri ila si ya juu kabisa: gramu 2 na ushei kwenye gramu 25 za protini. Wei huizidi kidogo. Na usitarajie miujiza. Utafiti wa Japani wa mwaka 2012 uliwapa wanariadha wanawake gramu 15 za protini ya ute kila siku kwa wiki 8, wenzao wakapewa wanga, na mwisho wake misuli haikuonyesha tofauti. Kumwagia protini kidogo juu ya mlo hakutoshi; ni lazima kuwe na pengo la kweli na vyuma vizito vya kweli.

*Mfuko.* Kanuni rahisi ya kuikumbuka dukani: kopo la gramu 900 lenye gramu 24 za protini kwa kila gramu 30 lina jumla ya gramu 720. Trei ya mayai 30 ya kuku wa kisasa, ukiweka gramu 6 kwa yai, ina gramu 180. Kwa hiyo kopo moja la gramu 900 ni trei 4. Chukua bei ya kopo, igawe kwa nne, ilinganishe na bei ya trei mtaani kwako. Hiyo tofauti ndiyo unayolipia urahisi wa kutopika na kutokuwa na mafuta. Afrika Mashariki tofauti hiyo mara nyingi ni kubwa, maana unga huu huagizwa nje na maduka yanayouuza ni machache kuliko ya wei.

*Tumbo na afya.* Hapa ndipo unga huu unapojitetea. Hauna laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa hiyo yule ambaye glasi ya maziwa humvimbisha tumbo anaunywa kwa amani. Lakini ute una salfa nyingi kwenye asidi amino zake, na ukinywa gramu 60 kwa siku bila kuzoea, hewa utakayotoa itawafukuza watu kwenye daladala. Anza na gramu 15 kwa siku nne au tano, halafu panda.

Mambo mawili ambayo makopo hayayasemi kwa sauti. La kwanza ni sodiamu: gramu 30 za unga zina takriban miligramu 370, sawa na karibu gramu moja ya chumvi. Mwenye presha aihesabu. La pili ni avidini, protini ndogo ndani ya ute inayonasa vitamini iitwayo biotini na kuizuia isifyonzwe. Kupika huivunja, lakini kule kukaushwa kiwandani hakuimalizi. Kijiko kimoja cha kopo kwa siku kwa mtu anayekula mlo mchanganyiko si cha kumnyima usingizi. Anayekunywa vijiko vitatu kila siku kwa miezi, tena bila kiini hata kimoja, afadhali sehemu ya unga aipike.

Mwenye mzio wa yai asiuguse. Ni yai lile lile.

*Jikoni.* Povu. Hili ndilo linalowashinda wengi na kuwafanya wadhani wameuziwa sabuni. Ukitia unga kwenye chupa ya kuchanganyia na kuitikisa kama unavyotikisa wei, unapata povu robo tatu ya chupa na maji robo. Fanya hivi: weka maji baridi mililita 250 kwenye glasi pana, nyunyiza gramu 30 juu yake kidogo kidogo, ondoka kwa dakika kumi. Unga utazama na kunywa maji wenyewe. Rudi, koroga kwa uma taratibu ukizungusha, usipige. Ukitaka blenda, saga kwanza ndizi na maji, tia kijiko cha chai cha siagi ya karanga, unga uwe wa mwisho, na uzime baada ya sekunde tano. Karanga hiyo haipo kwa ladha tu: mafuta huvunja povu la ute. Mwokaji keki yeyote anajua kwamba tone la kiini likiingia kwenye ute, hauumuki.

Kwenye uji, subiri. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kidogo, na uji unaotoka jikoni una zaidi ya 90. Ukimwaga unga humo unapata uji wenye vipande vya yai. Changanya unga na maji baridi pembeni, acha uji upoe hadi uweze kuunywa bila kupuliza, ndipo uchanganye.

Njia inayofaa zaidi, na inayomaliza pia suala la avidini, ni chapati za maji: gramu 70 za unga wa ngano, gramu 30 za unga wa ute, maji kama mililita 200, chumvi kidogo sana kwa sababu unga tayari una sodiamu, kitunguu na hoho. Acha mchanganyiko dakika kumi, kisha kaanga kwa moto mdogo. Unga wa ute usizidi theluthi ya unga wote. Ukizidi, chapati inakuwa mpira.

*Huharibikia wapi.* Unyevu. Dar, Mombasa, Zanzibar, kopo lililoachwa wazi karibu na jiko hushika madonge ndani ya wiki chache, na kijiko chenye maji hulimaliza mapema zaidi. Uliokwisha kuchanganywa na maji uhesabu kama ute mbichi: unywe ndani ya saa mbili au uweke kwenye friji na uumalize siku hiyo. Kingine, usichanganye mambo dukani: kuna unga wa ute wa waokaji, uliotengenezwa makusudi uumuke sana. Unalika, lakini kuunywa ni kupigana na povu hilo mara mbili.

Chaguo la pili: unga wa wei

*Protini.* Maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, yale maji ya kijani-njano yanayobaki ndiyo wei. Yakichujwa na kukaushwa hutoa unga wa aina kuu mbili: wa kawaida, wenye protini asilimia 75 hadi 80, na uliochujwa zaidi, wenye karibu 90. Kwenye kopo, wa kwanza huandikwa Concentrate na wa pili Isolate, na bei hufuata mpangilio huo huo. Leusini ya wei ndiyo ya juu kati ya vitatu hivi, gramu 2.5 au zaidi kwenye gramu 25 za protini, na huingia kwenye damu haraka. Ule uharaka wenyewe una thamani ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Ukishafikisha jumla yako ya siku, nusu saa mbele au nyuma haikunyimi misuli.

*Mfuko.* Kanuni ya trei 4 inatumika hapa pia. Faida ya wei ni ushindani: inauzwa na wengi, kwa hiyo bei hushuka na ladha ni nyingi. Hasara ni ile ile, ushindani: ndiyo bidhaa inayochezewa zaidi.

*Tumbo na afya.* Wengi wetu hupunguza uwezo wa kusaga laktosi tukishakuwa watu wazima. Lakini tuwe na haki na wei: gramu 30 za wei ya kawaida zina laktosi gramu 2 hivi, wakati glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 12. Anayekunywa chai ya maziwa vikombe viwili bila shida huenda akaivumilia vizuri. Anayeharishwa na chai hiyo achukue iliyochujwa zaidi au ahamie kwenye yai. Tatizo jingine ni chunusi, ambazo baadhi ya watu huziona zikiongezeka wakitumia wei; ikikutokea, acha kwa wiki sita uone.

Kwa Waislamu, kimeng'enya cha kugandishia jibini huweza kutoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo alama ya halali kwenye kopo ni ya kutafutwa. Kwa unga wa ute swali hilo halipo, ila ukiwa na ladha soma viambato vyake.

*Jikoni.* Hapa wei haina mpinzani. Maji, unga, tikisa mara ishirini, kunywa. Nayo haipendi moto mkali; kwenye uji unaochemka hufanya madonge. Na chupa ioshwe pale pale. Chupa ya wei iliyosahauliwa kwenye begi la jimu siku moja ya jua haina dawa.

*Huharibikia wapi.* Kwenye lebo. Maabara hupima protini kwa kupima naitrojeni, na wapo watengenezaji wanaotia glaisini, taurini au krietini, vitu vya bei nafuu vyenye naitrojeni, ili namba ya protini ipande. Ukiviona kwenye orodha ya viambato bila kiasi chake kutajwa peke yake, rudisha kopo. Angalia pia protini kwa gramu 100: ikiwa chini ya 60, unanunua sukari na unga wa wanga vyenye picha ya kifua. Ukaguzi huu ufanye hata kwa unga wa ute. Wenyewe usio na ladha unapaswa kusoma 75 hadi 82.

Chaguo la tatu: mayai yenyewe

*Protini.* Yai la kuku wa kisasa, likiwa na gramu 50 bila ganda, lina protini gramu 6.3. Ute una 3.6, kiini 2.7. Soma tena hiyo namba ya pili. Anayetupa kiini anatupa zaidi ya asilimia 40 ya protini aliyolipia, pamoja na vitamini A, D, B12, kolini na ile biotini tuliyoitaja. Yai la kienyeji huwa dogo, gramu 40 hivi na ganda lake. Lihesabu kama gramu 4.5.

Kiini kinaweza kuwa na kazi zaidi ya hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa vijana kumi gramu 18 za protini baada ya mazoezi, mara moja kwa mayai mazima na mara nyingine kwa ute peke yake. Mayai mazima yaliamsha ujenzi wa misuli zaidi. Ni kipimo cha saa chache kwa watu wachache, kwa hiyo hakithibitishi kwamba mwaka mzima wa mayai mazima utakupa mkono mnene zaidi. Kinatosha, hata hivyo, kumfanya mtu asite kabla ya kukimwaga kiini kwenye sinki.

*Mfuko.* Kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki hili ndilo la bei nafuu kwa kila gramu, mradi ule yai zima. Ukila ute tu hesabu inageuka: gramu 720 za kopo zinahitaji ute wa mayai 200, yaani trei 6 na mayai 20. Mtu wa ute mtupu anapaswa kulinganisha kopo na namba hiyo, wala si na trei 4.

*Tumbo na afya.* Pengo letu la gramu 40 ni mayai sita hadi saba, takriban kalori 470 na mafuta gramu 32. Pengo hilo hilo kwa unga wa ute ni gramu 50 za unga na kalori 190. Kwa mwembamba anayetafuta uzito, kalori hizo za ziada ni msaada. Kwa anayekata tumbo ni mzigo.

Yai moja lina kolesteroli miligramu 185 hivi. Mwongozo wa lishe wa Marekani uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku katika toleo lake la 2015–2020, na watu wengi wenye afya hula yai moja au mawili bila damu yao kubadilika sana. Mayai saba kila siku ni habari nyingine. Mwenye kisukari au kolesteroli iliyopanda apime damu na azungumze na daktari kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo, hilo linamhusu kwa machaguo yote matatu.

Halafu kuna hii tabia ya kupasua mayai mabichi kwenye glasi asubuhi. Utafiti wa Leuven, Ubelgiji, wa mwaka 1998 ulipima na kukuta mwili ulifyonza asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 51 tu ya yai bichi. Mnywaji wa mabichi, basi, karibu nusu ya trei inampita hivi hivi, na juu yake anacheza bahati nasibu na salmonela.

*Jikoni.* Chemsha maji kwanza, tia mayai taratibu kwa kijiko, hesabu dakika 10 hadi 11, hamishia kwenye maji baridi dakika tano. Yakizidi sana, kiini hufanya mviringo wa kijani: chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute. Hayana madhara, ni sura tu. Na ukiona maganda yanang'ang'ania na kuondoka na nusu ya ute, huenda mayai ni mapya mno. Yai la wiki moja humenyeka vizuri kuliko la jana, kwa sababu hewa ya kaboni imeshatoka na ute haushikamani tena na ngozi ya ndani ya ganda. Trei ya kuchemsha inunue siku tano kabla.

Anayetaka kupunguza mafuta bila kuacha kiini: mayai mazima 2 na ute wa 4 kwenye kikaango kimoja. Gramu 27 za protini, kalori 210 hivi ukiacha mafuta ya kukaangia. Viini vinne vilivyobaki watoto watavila.

*Huharibikia wapi.* Yai lenye ufa ni la siku hiyo hiyo na la kuiva kabisa. Linaloelea kwenye maji litupe. Linalosimama wima chini bado linalika lakini limezeeka. La kuchemsha lenye ganda lake hukaa wiki kwenye friji, ila nje kwenye joto letu ni saa mbili. Yale mayai yanayotembezwa kwenye ndoo na kachumbari ni protini halali, gramu 6 kila moja, asubuhi. Jioni, ulizia yamechemshwa lini, na ulinusie kwanza. Chipsi mayai nayo ina mayai mawili ndani, gramu 12, lakini mafuta ya karai yanaingia kwenye hesabu; usiyasahau.

Walioko Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Ghuba wanakutana na kitu cha nne: ute wa majimaji kwenye boksi, uliopashwa moto kuua vijidudu. Una gramu 10 hadi 11 za protini kwa kila gramu 100. Ni mzuri kwa kukaanga, unahitaji friji wakati wote, na boksi likifunguliwa fuata siku zilizoandikwa ubavuni. Uhesabu kama mayai yasiyo na kiini na bei yake uilinganishe hivyo.

Kwa hali yako

Una jiko, una muda wa robo saa asubuhi, na bajeti inabana: mayai mazima mawili hadi matatu kwa siku, kinachobaki kizibwe na maharage, dagaa au mtindi. Usinunue kopo mpaka hayo yameshindikana.

Unatoka kazini saa kumi na mbili, unaingia jimu, unafika nyumbani saa tatu: hapo kopo lina maana. Tumbo likikubali maziwa, wei ni rahisi kuchanganya na kupatikana. Likikataa, unga wa ute, nao uulowanishe nyumbani asubuhi kwenye chupa na uuweke kwenye friji ya kazini. Kama kazini hakuna friji, beba unga mkavu kwenye kikopo na maji pembeni.

Unapunguza mafuta ya mwili huku ukilinda misuli: unga wa ute au wei iliyochujwa zaidi, maana zote zinakupa protini kwa kalori chache. Bakiza yai zima moja au mawili kwa siku.

Wewe ni mwembamba na hamu ya kula ni ndogo: mayai mazima, na ukitaka kinywaji, wei kwenye maziwa na siagi ya karanga. Unga wa ute una kalori chache mno kwa shida yako.

Una presha: punguza chumvi ya mlo sawasawa na ile ya unga wa ute, au chagua mojawapo ya yale mengine mawili.

Mwezi wa Ramadhani, nafasi za kula zimebaki chache. Gawa: gramu 20 wakati wa futari, gramu 20 baada ya tarawehe, gramu 20 daku. Kwa daku, mayai ya kuchemsha hukaa tumboni muda mrefu kuliko kinywaji chochote cha unga. Sodiamu ya unga wa ute nayo inaleta kiu, na kiu ya saa nane mchana ni ndefu.

Unashindana na unaweza kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni: mayai hayana hatari ya kuchanganyika nazo. Ukilazimika kutumia unga, wowote ule, tafuta kopo lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, za wanaopima bidhaa kutafuta dawa hizo, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo na ile iliyo kwenye tovuti yao, piga picha ya lebo, na kopo tupu usilitupe mpaka msimu uishe.